Kwa Nini Hakuna Anayepita Monaco

Jumapili ya tarehe 26 Mei 2024 nilimlazimisha mjomba wangu kutazama mbio za magari za Monaco. Kwa miezi kadhaa nilikuwa namsifia Formula 1, na yeye ni fundi magari mwenye gereji Ilala, mtu anayeweza kusikiliza injini inayopita barabarani akakwambia ni plagi ya ngapi imekufa. Nilidhani nampelekea karamu. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Gari la Sergio Pérez na magari mawili ya timu ya Haas yaligongana kwenye mlima baada ya kona ya kwanza, vipande vikatapakaa barabara nzima, bendera nyekundu ikatolewa na mbio zikasimamishwa. Mjomba akaweka kikombe chini. Zilipoanza tena, magari yalijipanga kama msafara wa harusi na kuzunguka mji mizunguko sabini na kitu. Kufika katikati, mjomba alikuwa anakoroma.

Alipoamka, Charles Leclerc, kijana wa palepale Monaco, alikuwa jukwaani na mtawala wa nchi hiyo, Albert II, alikuwa anafuta machozi. Mwenyeji mwingine alishinda mara ya mwisho mwaka 1931, Louis Chiron, kwa hiyo machozi yalikuwa na haki yake.

"Nani kampita nani?" mjomba akauliza.

Nikamwambia ukweli. Madereva kumi wa mwanzo walimaliza katika mpangilio uleule waliouanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya ubingwa wa dunia wa mchezo huo.

"Kumbe walioshinda walishapangwa jana. Basi wangegawa zawadi jana hiyohiyo, sisi leo tukalala kihalali."

"Barabara ni nyembamba, mjomba."

"Imekuwa nyembamba tangu lini?"

Nilinyamaza. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na muda wangu mwingi naupoteza kwenye kanuni za zamani za barabara na vyombo vya usafiri. Nimezoea kusoma kanuni kama mtu anayesoma barua ya mwenzake: nani anaandikiwa, nini kilitokea jana yake, nani hatajwi. Lakini mchezo ninaoupenda sikuwahi kuusoma hivyo. Nilikuwa nimekubali tu kwamba Monaco ni nyembamba kama watu wanavyokubali kwamba Dar ni joto. Swali la mjomba lilinikaa kooni mwaka mzima.

Monaco imekuwa nyembamba tangu tarehe 14 Aprili 1929, siku mbio za kwanza zilipofanyika. Aliyezibuni ni Antony Noghès, wa chama cha magari cha nchi hiyo. Nchi yenyewe ni ndogo mno kujenga uwanja wa mbio, na chama kilitaka kutambuliwa kimataifa, kwa hiyo akachora njia kupitia mitaa iliyokuwapo: kupanda kutoka bandarini hadi kasino, kushuka kona kwa kona mpaka baharini, kupita chini ya handaki na kurudi bandarini. Alishinda William Grover-Williams akiendesha Bugatti ya kijani. (Huyu baadaye alikuwa jasusi wa Uingereza katika Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, akakamatwa na kuuawa katika kambi ya Sachsenhausen. Maisha yake yanastahili insha yake mwenyewe.) Njia hiyo imerekebishwa hapa na pale, hasa mwaka 1973 ilipozungushwa kando ya bwawa la kuogelea, ila mifupa ni ileile. Kwa sasa mzunguko mmoja ni kilomita 3.337.

Kwa hiyo mjomba alikuwa na haki. Kama barabara ni ileile, kitu kingine kimebadilika.

Kanuni ya kwanza niliyoikuta ikinitazama machoni ni ya mwaka 1933. Kabla ya hapo, mbio kubwa za Ulaya zilipanga magari kwenye mstari wa kuanzia kwa kupiga kura. Ungeweza kuwa dereva bora duniani ukaokota karatasi ya nyuma kabisa. Monaco ya 1933 ndiyo Grand Prix ya kwanza kuwapanga madereva kwa muda waliouweka mazoezini. Aliye haraka mbele, aliye polepole nyuma. Ni haki tupu, na hakuna anayeweza kuilalamikia. Lakini fikiria maana yake mahali ambapo kupita ni kazi: ukishawapanga kwa kasi, umeondoa sababu kubwa ya mtu kumpita mwenzake. Mpangilio wa Jumamosi ambao mjomba aliulalamikia ulizaliwa palepale, miaka 91 kabla.

Na bado mbio za 1933 zenyewe zilikuwa vita. Achille Varzi na Tazio Nuvolari walinyang'anyana uongozi mara nyingi katika mizunguko 100, mpaka ule wa mwisho, injini ya Nuvolari iliposukumwa kupita uwezo wake na kuanza kutoa moshi, akashuka na kulisukuma gari kwa mikono. Wakati huo gia zilibadilishwa kwa mkono, maelfu ya mara katika mbio moja, na mguu mmoja ukichelewa au mkono ukiteleza, aliye nyuma anapita. Breki zilikuwa dhaifu, hivyo umbali wa kufunga breki kabla ya kona ulikuwa mrefu, na ndani ya umbali huo ndimo kupitana kunakofanyikia. Barabara ilikuwa nyembamba kwa upana. Kwa urefu, pale mtu anapoweza kukosea, ilikuwa kubwa.

Mwaka 1961 kanuni ilifanya kinyume na walioitaka. Wakuu wa mchezo walipunguza ukubwa wa injini kutoka lita 2.5 hadi lita 1.5, wakitaka kupunguza kasi. Timu za Uingereza zilipinga, zikasubiri kanuni ifutwe, haikufutwa, na msimu ukawakuta hawana injini ya maana. Ferrari walikuwa wamejiandaa. Stirling Moss alifika Monaco na Lotus 18 ya mwaka uliotangulia, mali ya timu binafsi ya Rob Walker, yenye injini ya silinda nne ya Climax iliyozidiwa nguvu wazi na Ferrari za silinda sita. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuanza aliona bomba moja la fremu limepasuka, na fundi Alf Francis akalichomelea palepale, matangi yakiwa yamejaa petroli, yamefunikwa kwa mataulo yenye maji. Nilipomsimulia mjomba kipande hiki alisimama. Alisema huyo Francis hakuwa fundi, alikuwa na ugomvi na Mungu.

Moss alikimbia mizunguko 100 na Ferrari tatu nyuma yake, bati za ubavuni mwa gari zikiwa zimetolewa ili apate hewa. Alishinda kwa sekunde 3.6 mbele ya Richie Ginther. Kwenye saketi yenye barabara ndefu zilizonyooka angemezwa. Monaco, nguvu za farasi hazina pa kutumika kwa muda mrefu, na gari jepesi linalogeuka vizuri linaweza kuliziba gari lenye nguvu kwa karibu saa tatu. Hili ni jambo la kukumbuka kila mtu anaposema saketi za mjini zinaua mchezo. Nguvu ya pesa na injini hupungua pale. Mwaka 1983, wakati injini za turbo za lita 1.5 zilipokuwa zinazifukuza injini za kawaida za lita 3, ushindi wa mwisho wa injini maarufu ya Cosworth DFV na wadogo zake ulikuja mitaani, Detroit, mikononi mwa Michele Alboreto wa Tyrrell. Turbo za enzi hizo zilichelewa kuamka baada ya kukanyaga mafuta, na mitaa haikungoji uamke. Mapema mwaka huohuo, katika mitaa ya Long Beach, California, John Watson alianza wa 22 na akashinda. Rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Wa pili alikuwa mwenzake wa McLaren, Niki Lauda, aliyeanza wa 23. Kwa hiyo mtu alipita, tena sana, katikati ya kuta za zege. Naomba uliweke hilo pembeni, tutalirudia.

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo siwezi kuisimulia kwa mzaha.

Mwaka 1967, Monaco bado ilikuwa mizunguko 100. Kwenye wa 82, Lorenzo Bandini wa Ferrari, akiwa wa pili na amechoka, alikosea zigizaga ya bandarini, gari likapinduka na kuwaka moto. Kilichokuwa kimepangwa pembeni ili kumlinda yalikuwa marobota ya nyasi kavu, nayo yakaulisha moto. Alikufa siku tatu baadaye, akiwa na miaka 31. Mwaka uliofuata mbio zilipunguzwa hadi mizunguko 80. Leo ni 78, kama kilomita 260, wakati mbio nyingine zote za msimu hutakiwa kufika takriban 305. Watazamaji wanaojua kitu hiki husema Monaco ilipunguziwa kwa sababu ni ya polepole na ingepita muda wa saa mbili. Ni kweli kwa leo. Lakini mizunguko 20 ya kwanza iliondolewa mwaka uliofuata kifo cha Bandini.

Halafu mabawa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wabunifu waligundua kwamba bawa lililogeuzwa kichwa chini hulikandamiza gari barabarani, na kila mtu akaanza kuyapachika. Yalikuwa juu, marefu kuliko kimo cha dereva aliyeketi, yamesimama kwenye vyuma vyembamba vilivyofungwa moja kwa moja kwenye mikono ya magurudumu. Tarehe 4 Mei 1969, katika mitaa ya bustani ya Montjuïc, Barcelona, bawa la Lotus ya Graham Hill lilivunjika gari lilipovuka kilele cha mlima, likamtupa kwenye vyuma vya pembeni. Mizunguko michache baadaye bawa la mwenzake, Jochen Rindt, lilivunjika karibu na palepale, naye akaparamia mabaki ya gari la Hill. Rindt alivunjika uso. Alikuwa akiongoza mbio. Baadaye aliandika barua ya wazi akitaka mabawa yapigwe marufuku.

Wiki mbili baadaye walikuwa Monaco. Alhamisi walifanya mazoezi na mabawa yao. Baada ya mazoezi hayo, kamati ya mchezo ikayapiga marufuku, papo hapo, na ikafuta muda wote uliowekwa siku hiyo. Mafundi wakashika spana. Jumapili, Hill akashinda Monaco kwa mara ya tano, kwa gari lisilo na kitu kilichokuwa kimemtupa ukutani siku 14 kabla. Mabawa yalirudi baadaye, mafupi, yaliyofungwa kwenye bodi kwa masharti. Kila bawa unaloliona kwenye gari la Formula 1 leo linatii mantiki iliyoandikwa wikiendi ile, kwa haraka, na watu waliokuwa na picha za Barcelona kichwani.

Ingekuwa riwaya ningekomea hapo, lakini Montjuïc ilikuwa haijamaliza. Mwaka 1975 madereva walifika wakakuta vyuma vya pembeni havijakazwa bolti vizuri, sehemu nyingine hazina kabisa. Wakagoma. Waandaaji wakatishia kuyashikilia magari, na mafundi wa timu, pamoja na mwenye timu Ken Tyrrell, wakaenda wenyewe kukaza bolti. Emerson Fittipaldi, bingwa wa dunia, aliendesha polepole kiasi cha kutimiza mkataba, akaondoka kabla ya mbio. Wengine wakakimbia. Kwenye mzunguko wa 26 gari lililokuwa likiongoza, la Rolf Stommelen, lilivunjika bawa la nyuma, likaruka juu ya vyuma na kuua watu waliokuwa upande wa pili. Gari hilo lilikuwa la timu ya Graham Hill.

Niliposoma hilo mara ya kwanza nilifunga kompyuta. Kanuni ya 1969 ilikuwa imeshughulikia mahali bawa linapofungwa na urefu wake. Haikuwa na la kusema kuhusu ubora wa nguzo yenyewe. Mbio zile zilisimamishwa, pointi zikagawiwa nusu, na Lella Lombardi aliyekuwa wa sita akapata nusu pointi. Mpaka leo ndiye mwanamke pekee aliyepata pointi katika ubingwa huo. Formula 1 haikurudi tena Montjuïc. Mitaa ipo, watu wanatembeza mbwa.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu sisi tunaolalamika kwamba magari yamekuwa makubwa, mazito na hayapitani, mara nyingi tunaongea kana kwamba kuna mtu alikaa ofisini akaamua kutuharibia Jumapili. Sehemu kubwa ya uzito huo ni miili ya watu. Mwaka 1992 gari la Formula 1 lilitakiwa kuwa na uzito usiopungua kilo 505 bila dereva. Mwaka 2025 ilikuwa kilo 800 pamoja na dereva. Toa dereva wa kilo 80, bado zimeongezeka zaidi ya kilo 200. Humo mna betri na mota za umeme, ndiyo, lakini mna pia kuta za kunyonya mgongano na lile tao la titani juu ya kichwa cha dereva, lililolazimishwa mwaka 2018, ambalo mashabiki wengi walilichukia kwa ubaya wa sura mpaka Bahrain mwaka 2020, Romain Grosjean alipopenya kwenye chuma cha pembeni na gari lake kukatika vipande viwili ndani ya moto, naye akatoka kwa miguu yake.

Sasa turudi kwenye upana, kwa sababu hapa mimi mwenyewe nilidanganyika.

Nilikuwa nimemwahidi mjomba kwamba jibu ni rahisi: magari yamekua, barabara haikukua. Nikatafuta vipimo. Gari la sasa, mpaka msimu wa 2025, lilikuwa na upana wa mita 2. Gari la 1992 lilikuwa na upana wa mita 2.15. Lilikuwa pana zaidi! Nilirudia kusoma mara tatu. Kilichoongezeka ni urefu: magari ya Senna na Mansell yalikuwa na chini ya mita 3 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, ya karibuni yaliruhusiwa kufika 3.6, na bodi nzima inakaribia mita tano na nusu. Daladala aina ya Hiace ya kawaida ni fupi kuliko hilo. Gari refu kwenye kona ya hoteli, ambayo hupitwa kwa kama kilomita 50 kwa saa na timu huitengenezea usukani maalumu wenye kukata zaidi, linalala barabara nzima.

Lakini hata hayo mafupi hayakupitana. Mwaka 1992 Nigel Mansell alikuwa ameshinda mbio zote tano za mwanzo wa msimu kwa Williams yenye sapensheni inayoendeshwa na kompyuta. Teknolojia hiyo ilikuwa imepata ushindi wake wa kwanza Monaco na Detroit mwaka 1987, kwenye Lotus ya Ayrton Senna. Mitaa ndiyo iliyoithibitisha, kwa sababu mitaa ina mifuniko ya chemba, viraka na mgongo wa katikati wa kumwaga maji ya mvua, na gari linaloweza kuinua na kushusha kila gurudumu kwa amri lilipita juu ya hayo yote kama juu ya mkeka. Kufikia 1994 lilipigwa marufuku pamoja na visaidizi vingine vya kielektroniki. Mansell aliongoza Monaco mpaka mzunguko wa 71 kati ya 78, akahisi gurudumu limelegea, akaingia kwa mafundi, akatoka na matairi mapya sekunde tano nyuma ya Senna. Alimfikia upesi. Mizunguko iliyobaki alijaribu kila upande, na Senna akaliweka gari lake katikati kila mahali pa maana. Walimaliza kwa tofauti ya sekunde 0.215. Gari bora kuliko yote duniani, matairi mapya, dereva mwenye hasira, na hakupita.

Mbio hizo watu huziita za kihistoria. Za 2024 waliziita za aibu. Katika zote mbili hakuna aliyepita. Tofauti niliyoiona baada ya kuzitazama tena ni kwamba mwaka 1992 wote wawili walikuwa wanakimbia kwa uwezo wao wote, na mwaka 2024 hakuna aliyekuwa anakimbia.

Sababu ni vipengele viwili vya kanuni vilivyokutana kwa bahati mbaya. Cha kwanza kinasema kila dereva, barabara ikiwa kavu, lazima atumie angalau aina mbili za matairi, ili alazimike kusimama japo mara moja. Cha pili kinaruhusu kubadilisha matairi mbio zikiwa zimesimamishwa kwa bendera nyekundu. Ajali ya Pérez ikaleta bendera kwenye mzunguko wa kwanza, wote wakabadilisha matairi wakiwa wamesimama, sharti likawa limetimizwa, na kazi iliyobaki ikawa kufika mwisho na matairi yaleyale. Leclerc akaendesha polepole kuyatunza. Aliye nyuma yake hakuweza kumpita, hivyo naye akaenda polepole. Na wa tatu, na wa nne, mpaka wa kumi, mpaka mjomba akalala. Mwaka 2011 kipengele hichohicho cha bendera kilikuwa kimekata utamu wa mbio Sebastian Vettel akiwa na matairi yaliyochakaa, Fernando Alonso na Jenson Button wamemng'ang'ania mgongoni, ajali ikatokea, wote wakabadilisha matairi na kumaliza kwa foleni. Miaka 13, na hakuna aliyekigusa.

Watunga kanuni hufikiri juu ya saketi ya wastani. Saketi ya mjini si ya wastani, na kila nafasi iliyoachwa wazi kwenye maandishi hugeuka mlango. Mlango mbaya kuliko yote ulifunguliwa Singapore mwaka 2008, mbio za kwanza za usiku. Kanuni ya wakati huo ilisema gari la usalama likitoka, sehemu ya kujaza mafuta inafungwa mpaka magari yajipange. Mwenye bahati ni yule aliyejaza muda mfupi kabla. Alonso wa Renault, aliyeanza wa 15, aliingia kujaza kwenye mzunguko wa 12. Kwenye wa 14 mwenzake, Nelson Piquet mdogo, akagonga ukuta, mahali ambapo gari lisingeweza kuondolewa bila gari la usalama kutoka. Alonso akashinda. Mwaka uliofuata, baada ya kufukuzwa kazi, Piquet alisema aliambiwa agonge. Kwenye uwanja wa kawaida angeteleza mchangani na mbio zikaendelea. Ukuta wa mjini na kipengele kile cha kanuni vilihitajiana. Msimu wa 2009 kipengele kilikuwa kimeshaondolewa.

Usifikiri ujanja ni wa juzi. Mwaka 1984 Tyrrell, timu ya mwisho kubaki na Cosworth isiyo na turbo, ilimpeleka Martin Brundle nafasi ya pili Detroit, chini ya sekunde moja nyuma ya Nelson Piquet, baba yake yule. Kanuni ilitaka kilo 540 kwenye mizani, na iliruhusu kuongeza maji kabla ya kupimwa. Wakaguzi wakakuta ndani ya tangi la maji gololi za risasi. Gari lilikuwa linakimbia jepesi, kisha karibu na mwisho linashibishwa. Tyrrell walifutiwa matokeo ya msimu mzima. Mjomba alicheka sana kwa hili, akasema anawajua watu wa mizani ya barabarani ambao wasingeona gololi hata zikiwadondokea mguuni.

Mwaka 2025 wakuu wa mchezo walijaribu dawa kwa ajili ya Monaco peke yake: kila dereva atumie angalau seti tatu za matairi, yaani asimame mara mbili. Nilimwita mjomba tena. Alikuja, kwa heshima zaidi kuliko kwa matumaini.

Kilichotokea ni somo ambalo ningependa kila anayetunga sheria ndogo za jiji alitazame. Timu ya Racing Bulls ilimwamuru Liam Lawson aende polepole makusudi, akiziba barabara, ili mwenzake Isack Hadjar aliye mbele apate nafasi ya kusimama mara mbili bila kupoteza kitu. Williams wakafanya vilevile kwa zamu, Alex Albon na Carlos Sainz kila mmoja akiziba barabara kwa ajili ya mwenzake. George Russell wa Mercedes, aliyekwama nyuma yao, alichoka, akakata zigizaga ya bandarini makusudi na kupita, akijua ataadhibiwa. Aliadhibiwa. Hadjar alimaliza wa sita, Lawson wa nane, Albon wa tisa, Sainz wa kumi, Russell wa 11. Ujanja ulilipa. Mbele, Max Verstappen aliahirisha kusimama kwake kwa pili mpaka mzunguko wa mwisho, akiomba bendera nyekundu itokee imwokoe. Haikutokea. Lando Norris akashinda.

"Huyu anayeziba," mjomba alisema akimwangalia Lawson, "ndiye dereva wa kwanza wa maana nimemwona leo." Sikukubaliana naye, na bado sikubaliani. Kuna kitu kinauma kumwona mtu amefunga mkanda ndani ya chombo cha kilomita 300 kwa saa akiamriwa aende kama anafundishwa udereva. Ila Lawson alitii kanuni neno kwa neno. Na hapo ndipo nilipokumbuka Watson wa 1983. Watu 21 walikuwa mbele yake, barabara ilikuwa na zege pande zote, akapita. Aliweza kwa sababu siku ile matairi yake ya Michelin yalikuwa bora mno kuliko ya waliomtangulia, ambao wengi walivaa ya makampuni mengine. Siku hizi kampuni ni moja kwa wote. Injini zinakaribiana kwa kanuni, breki za kaboni zimefupisha umbali wa kusimama, gia hubadilishwa kwa kidole na hazikosewi. Gari moja likiwa na sekunde mbili zaidi ya lingine katika mzunguko, hata Monaco litapita. Kanuni za miaka 40, nyingi kwa nia njema, zimefanya kazi ya kuifuta tofauti hiyo, na mimi ni mmoja wa walioshangilia kila ilipofutwa, kwa sababu nilitaka usawa.

Kanuni mpya zimeanza mwaka huu wa 2026. Gari ni jembamba kwa sentimita 10, ekseli zimesogea karibu kwa sentimita 20, uzito wa chini umeshuka kilo 32. Nilimpelekea mjomba habari hizi gereji. Alichukua futi yake ya chuma, akachora kwa chaki mita mbili kwenye sakafu, halafu akafuta sentimita 10 kwa kiatu. Tukasimama tunaiangalia ile nafasi iliyopatikana. Kijana wake wa gereji alipitisha mguu mmoja.

"Monaco ni lini?"

Nikamwambia tarehe 7 Juni, Jumapili.

"Basi nitakuja Jumamosi," akasema, akarudi chini ya gari.